Gari ya dizeli, ramani, na njia ya Ukongoroni: uchambuzi wa kisa kimoja

Taa iliwaka Ijumaa jioni. Niliiona, nikaiacha. Ilikuwa ya manjano, ndogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, ina umbo la kisanduku chenye vitone ndani na bomba ubavuni. Gari ilikuwa inakwenda vizuri, haitoi moshi, haitetemeki, na mimi akili yote ilikuwa kwenye harusi. Kesho yake, saa saba mchana, nilikuwa nimesimama katikati ya uwanda baina ya Ukongoroni na Bwejuu, mama mkubwa kakaa kiti cha mbele na kapu la asumini mapajani, na gari haina nguvu ya kupanda ngazi ya mwamba isiyofika shubiri moja.

Kisa chenyewe si kikubwa. Hakufa mtu, harusi iliswihi, gari ilirudi kwa mwenyewe. Lakini nimekizungumza na fundi, na mwenye gari, na jamaa wa Ukongoroni, na kila nikikirudia naona kina mafunzo kuliko nilivyodhani siku ile. Gari za kukodi zimekuwa nyingi Unguja, na wengi wanaozikodi sasa ni sisi wenyewe: wenye harusi, wenye misiba, wenye wageni kutoka Pemba na bara. Tunapewa ufunguo, tunasaini karatasi, tunaondoka. Hapo ndipo kisa hiki kilipoanzia.

Gari yenyewe

Gari yangu ilikuwa gereji. Nikaenda kwa mtu mmoja wa mjini mwenye gari chache za kukodisha, nikitaka ile ndogo ya petroli ambayo kila mtu anaijua. Ilikuwa imeshatoka. Akanipa sedani ya dizeli ya Kijapani, injini ya lita 2.2, gia otomatiki, kwa siku tatu, Ijumaa hadi Jumapili.

Sedani ya dizeli kwetu ni nadra. Gari nyingi tulizonazo zinakuja zimeshatumika Japani, na huko dizeli ilipata jina baya kwa miaka mingi. Jiji la Tokyo lilianza kampeni ya kupiga vita moshi wa dizeli mwaka 1999, na kuanzia Oktoba 2003 malori na mabasi yasiyofikia kiwango yakazuiwa kupita huko. Watu wakazikimbia hata gari ndogo. Dizeli zilizorudi baadaye ni kizazi kingine: kimya, hazina ule moshi mweusi, na zina kichujio cha masizi kwenye bomba la moshi. Ndiyo maana fundi aliyezoea dizeli za pikapu za zamani anaweza kuifungua gari hii akakuta vitu asivyovijua.

Niseme haki yake: ni gari nzuri sana kuendesha. Asubuhi ukiiwasha inagongagonga kama cherehani ya zamani, halafu ikipata moto inatulia hata unasahau kuwa ni dizeli. Utamu wake uko chini. Petroli ndogo lazima uikamue ndipo ipate nguvu. Hii, mshale wa mizunguko ukiwa kwenye 1,500 tu, tayari inavuta. Baada ya Tunguu nilikuwa nyuma ya lori la mchanga, nikaona mbele kweupe, nikakanyaga kidogo, gari ikapita bila kupiga kelele, kama mtu aliyesukumwa mgongoni kwa kiganja. Watu watano na mabegi hawakuipunguzia kitu. Skrini yake ya matumizi ilionyesha karibu kilomita 16 kwa lita siku ya kwanza, na nilikuwa nimewasha kiyoyozi muda wote.

Kasoro niliyoiona mapema ni tumbo. Gari ni ndefu na iko chini, na pua ni nzito kwa sababu injini ya dizeli ni nzito. Matuta ya Jozani, yale yaliyowekwa ili kuwanusuru kima punju wanaovuka barabara, nilikuwa nayapanda kishazari, gurudumu moja kwanza kisha jingine, na bado mara mbili nilisikia mkwaruzo katikati. Hilo peke yake lilipaswa kunifundisha kuwa gari hii ni ya lami.

Jambo la pili lilitokea sheli. Kijana wa pampu aliniona nimeingia na sedani, akachukua bomba la petroli moja kwa moja.

"Dizeli, mwanangu," nikamwambia.

Akasimama. "Hii? Gari ndogo hii?"

Hakuwa na kosa. Sedani kwetu ni petroli, ndivyo anavyoona kila siku. Kuna jambo la kimaumbile hapo ambalo kila anayekodi dizeli alijue: mdomo wa pampu ya dizeli ni mnene kuliko wa petroli, kwa hiyo ni vigumu kuitia dizeli gari ya petroli, haiingii. Lakini petroli kwenye gari ya dizeli inaingia bila kizuizi chochote. Na ikiingia, hasara ni kubwa, kwa sababu pampu ya shinikizo inategemea dizeli yenyewe kuilainisha. Petroli haina ulaini huo, vyuma vinasagana. Ikitokea, usiwashe gari kabisa, hata kuisogeza tu pembeni. Isukumwe, tangi litolewe mafuta yote.

Nikafungua kifuniko cha tangi kumwonyesha. Ndani kulikuwa na kibandiko chenye herufi mbili za Kijapani. Baadaye nilijua maana yake ni dizeli. Yule kijana aliziangalia, nami nikaziangalia, na wote wawili hatukuambiwa kitu.

Kibandiko kile nimekikumbuka mara nyingi tangu siku hiyo. Gari ilikuwa imesema. Imesema kwa lugha ambayo mimi na kijana wa pampu hatuijui.

Skrini mbili

Gari ilikuwa na skrini mbili. Ya kwanza ni ya asili, imejengewa katika dashibodi. Hiyo ni ramani ya Japani peke yake. Setilaiti zinaipata gari sawasawa, kwa sababu mfumo wa GPS unafanya kazi popote duniani bila intaneti: setilaiti zinazunguka juu kiasi cha kilomita 20,200, na kipokezi kikipata nne kinajua kilipo. Kinachokosekana ni ramani ya kuweka chini ya mshale. Basi mshale wetu ulikuwa unatembea kwenye weupe mtupu, Fuoni, Tunguu, Jozani, weupe tu, kama ngalawa iliyo bahari kuu. Na kila ukiwasha gari mwanamke anakusalimia kwa Kijapani kwa sauti ya upole. Mwenye gari aliniambia kuwa anasema kadi ya kulipia barabara za kule haijaingizwa. "Usimjali," akaniambia. "Ndivyo alivyo."

Nilimchukulia neno lake. Tangu hapo kila sauti iliyotoka kwenye dashibodi ile niliihesabu kuwa ni ya yule mwanamke na kadi yake.

Skrini ya pili ni kishikwambi alichokifunga mwenye gari juu ya dashibodi, chenye ramani ya Zanzibar iliyohifadhiwa ndani. Hiki kilikuwa kizuri mno. Kinajua vichochoro vya Ng'ambo, kinajua misikiti, kinajua hata njia za kuingilia mashambani. Na kuna sababu. Kuanzia mwaka 2016 Zanzibar ilipigwa picha kutoka angani kwa ndege ndogo zisizo na rubani, Unguja na Pemba, kazi iliyosimamiwa na Kamisheni ya Ardhi na kufanywa pamoja na vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Picha zile ni kali kiasi kwamba unaona bati la nyumba na kivuli cha mnazi wake. Nchi chache zimepigwa picha hivyo nzima nzima, na mimi kama Mzanzibari najivunia. Watu wakizichora juu ya ramani ya wazi ambayo yeyote anaweza kuichangia, kila mstari mweupe katikati ya kichaka unakuwa njia.

Wengi tunadhani ramani inapotosha kwa sababu haijui. Hii ilinipotosha kwa kujua sana. Jicho la juu linaona mstari. Halioni kuwa chini ya mstari ni mwamba wa matumbawe wenye meno, wala kwamba masika yamejaza mashimo yake maji. Mwenye kuchora huuwekea mstari alama ya daraja lake: barabara kuu, ya kijiji, ya shamba, ya miguu. Programu ya kuongoza njia hukisia mwendo kwa alama hiyo, kisha hujumlisha dakika. Ukiandika njia ya gari la ng'ombe kuwa barabara ya kijiji, programu inaamini kwamba utapita kwa mwendo wa kijiji.

Jumamosi

Bibi harusi alikuwa wa Ukongoroni, bwana harusi wa Bwejuu. Kwa asiyeijua sehemu hiyo: Ghuba ya Chwaka imeingia ndani ya kisiwa upande wa mashariki, na Charawe na Ukongoroni ziko kusini mwa ghuba, nyuma ya mikoko. Bwejuu iko pwani ya nje, mashariki zaidi. Ukiziangalia kwenye ramani, Ukongoroni na Bwejuu ni jirani. Kwa lami, wakati huo, hazikuwa jirani hata kidogo: ulikuwa unarudi hadi Jozani, unashuka Kitogani, unakata kushoto kwenda Paje, ndipo unapanda Bwejuu.

Kazi yangu ilikuwa kumchukua mama mkubwa na wanawake wengine watatu Ukongoroni, niwafikishe Bwejuu kabla ya saa nane. Njia ya kutoka Jozani hadi Ukongoroni wakati huo ilikuwa ya kifusi, mbovu lakini inapitika, na tulifika bila tabu. Tulipokuwa tunapakia mabegi, ami yangu alikuja dirishani.

"Unarudi Jozani?"

Nikamwonyesha kishikwambi. Mstari wa buluu ulikuwa umenyooka kutoka pale tulipo hadi Bwejuu, chini ya nusu ya mwendo wa lami. "Ami, hii hapa njia. Inakata moja kwa moja."

Aliinama, akaiangalia ile skrini kwa makini, akaifuata kwa kidole bila kuigusa. "Naiona," akasema. "Njia ipo."

Nikashukuru, nikaondoka. Nilisikia ruhusa. Yeye, kama alivyonieleza baadaye, alikuwa ananijibu nilichomwonyesha: kwamba ndiyo, njia hiyo ipo, tangu zamani ipo, watu wa kuni na chokaa wanaipita kila siku. Sikumuuliza kama gari inapita. Ningemuuliza angenijibu. Mtu mzima hamvunji kijana aliyeshika usukani mbele ya wanawake na mizigo, akishaona ameamua.

Dakika kumi za kwanza zilikuwa nzuri. Halafu kifusi kikaisha na mwamba ukaanza. Anayeujua uwanda ataelewa: ardhi haina udongo wa kutosha kufunika jiwe, jiwe lenyewe limetobolewatobolewa na lina makali, na baina ya jiwe na jiwe kuna dimbwi ambalo huoni kina chake. Nikashuka gia ya kwanza. Kilomita tano kwa saa, pengine tatu. Nikasikia kitu kinapasuka chini, sauti kavu, kama chelewa. Nilikuwa natoka, naangalia, narudi ndani. Kurudi nyuma sikuweza, hapakuwa na upana wa kugeuza. Na dashibodi ikalia, kengele moja nyororo, maneno ya Kijapani yakatokea chini ya ile taa ya manjano. Mwanamke na kadi yake, nikajiambia.

Baada ya hapo gari ikaanza kubadilika. Nikikanyaga, injini inaitika lakini haivuti. Ule mkono uliokuwa unanisukuma mgongoni haupo. Ilipofika kwenye ile ngazi ya mwamba ikasimama, ikitetemeka, na sikuthubutu kuilazimisha.

Mama mkubwa alikuwa kimya safari nzima. Nilipozima injini ndipo aliposema, "Mwanangu, hii njia nimeipita nikiwa mwari, kwa miguu. Nilikuona unaisikiliza mashine nikasema labda wameitengeneza."

Vijana wawili waliokuwa wanarudi na gari la ng'ombe la kuni walitukuta hapo. Walishusha kuni zao bila kuombwa, wakapakia wanawake na mabegi, wakawapeleka Bwejuu kwa mwendo wa ng'ombe. Mama mkubwa alipanda juu ya gari lile, kapu lake la asumini mkononi, kanga imekaa sawa, kama aliyepanga kufika hivyo. Mimi nilibaki. Gari ikiwa tupu ilinyanyuka kidogo, nikaweka mawe chini ya ile ngazi, nikapita. Ilinichukua zaidi ya saa moja kufika lami.

Ilikuwa nini

Bwejuu nilipopata mtandao, nilimpigia fundi mmoja wa mjini ambaye anazijua dizeli za kisasa. Hakuniuliza gari imefanya nini. Aliniuliza maswali matatu: taa inawaka moja kwa moja au inapepesa? Kijiti cha mafuta ya injini kinasomeka vipi? Skrini imeandika nini?

Taa ilikuwa inawaka moja kwa moja. Nikachomoa kijiti, nikakifuta, nikakirudisha, nikakichomoa tena. Mafuta yalikuwa yamepita alama ya kujaa kwa upana wa kidole. Yalikuwa mepesi, yanachuruzika kwenye kijiti kama maji ya chai, na nilipoyanusa yalinuka dizeli. Juu zaidi kwenye kijiti kulikuwa na alama nyingine ya msalaba. Hayakuwa yamefika hapo. Maneno ya skrini kijana mmoja pale harusini aliyaelekezea kamera ya simu yake, simu ikayatafsiri: masizi kwenye kichujio ni mengi, endesha gari ili yaungue.

Fundi akanieleza, na maelezo yake ndiyo kiini cha kisa hiki.

Kichujio cha masizi ni tofali la kauri lenye vitundu vingi kama sega la nyuki. Moshi unapita, masizi yanabaki. Kikikaribia kujaa, gari yenyewe inajisafisha: inadunga dizeli ya ziada baada ya mlipuko, ikaungulie kwenye bomba, joto lipande hadi kiasi cha nyuzi 600, masizi yawe hewa. Kazi hiyo inataka kama robo saa hadi dakika 20 na kidogo za mwendo usiokatika. Ukizima gari katikati, kazi inakatika, masizi yanabaki, na ile dizeli ya ziada isiyoungua inateremka pembeni mwa pistoni, inaingia kwenye mafuta ya injini. Ndiyo maana yalipanda. Sisi tumezoea kuogopa mafuta yakipungua; kwenye gari hii yakiongezeka ndiyo hatari, kwa sababu mafuta yaliyochanganyika na dizeli hayalainishi chuma vizuri.

Sasa iangalie hali ya kazi ya gari hiyo hapa kwetu. Wiki nzima kabla yangu ilikuwa inabeba wageni baina ya uwanja wa ndege na Mji Mkongwe, safari za dakika 20 zenye foleni, ikisubiri kando ya barabara na kiyoyozi kimewashwa. Kila ikianza kujisafisha, inazimwa. Dizeli yetu nayo si sawa na ya kule ilikotengenezwa: Jumuiya ya Afrika Mashariki iliishusha salfa hadi sehemu 50 kwa milioni kuanzia Januari 2015, jambo jema sana kwa mapafu yetu, lakini Japani na Ulaya wako kwenye sehemu 10. Halafu mimi nikaiongezea matuta ya Jozani, na juu yake saa nzima ya gia ya kwanza kwenye mwamba, mwendo ambao injini inatoa masizi na bomba halipati joto. Kompyuta ya gari ikaona kichujio kimejaa, ikapunguza nguvu kwa makusudi ili kisiungue vibaya. Gari haikuharibika pale uwandani. Ilikuwa inajilinda.

"Kama taa ingekuwa inapepesa ningekwambia izime, ije ivutwe," fundi aliniambia. "Maadamu imetulia na mafuta hayajafika msalaba, tafuta lami iliyonyooka. Usiende mbio, usisimame. Ukifika mjini mafuta ya injini yamwagwe siku hiyo hiyo."

Nikawaacha watu kwenye harusi. Kutoka Bwejuu nikashika Paje, Jambiani, kuelekea Makunduchi. Ile ni barabara nzuri kwa kazi hiyo, tambarare, na saa tisa alasiri haina watu wengi. Vijijini nilishuka 50, kwengine 70, gia nikaishikilia chini kidogo ili mizunguko isishuke 2,000. Kwanza hapakuwa na kitu. Kisha namba ya kilomita kwa lita ikaanza kuporomoka, ishara kuwa ile dizeli ya ziada inadungwa, na harufu ya kitu kinachoungua, kavu, kama pasi iliyosahauliwa kwenye nguo, ikaingia ndani. Niliogopa. Fundi alikuwa ameshanitahadharisha juu ya harufu hiyo, na hata hivyo niliogopa. Jambiani ikapita. Karibu na Makunduchi taa ikazima yenyewe, bila sauti. Niligeuza, nikakanyaga taratibu, na ule mkono wa mgongoni ukarudi.

Hesabu ya mwisho na mwenye gari

Jumapili nilirudisha gari. Mafuta ya injini na kichujio cha mafuta hayo vilikuwa vimeshabadilishwa kwa pesa yangu. Kinga ya plastiki chini ya injini ilikuwa imepasuka kipande. Sampo, lile bakuli la mafuta chini ya injini, ilikuwa salama. Mwenye gari alitaka kuzuia amana yangu yote. Hoja yake ilikuwa moja: gari ilitoka nzima, imerudi imepasuka.

Nilikubali kuhusu kinga. Mimi ndiye niliyeiingiza sedani kwenye mwamba, na hakuna kishikwambi kilichoshika usukani. Lakini masizi sikuyakubali, na bado siyakubali. Nilimwonyesha: kibandiko cha Kijapani kwenye tangi, onyo la Kijapani kwenye skrini, na neno lake mwenyewe la "usimjali". Mtu akikwambia usiijali sauti ya gari, amekuondolea sikio. Taa ile ilikuwa na maana ambayo ingesemwa kwa sentensi moja siku ya kukabidhiana: hii ikiwaka, tafuta barabara ndefu. Sentensi hiyo hakunipa kwa sababu naye hakuwa nayo, aliyemuuzia hakumpa. Na aliyemuuzia yule, vivyo hivyo.

Tulikaa nusu saa kibarazani kwake. Si mtu mbaya, na alipoelewa kuwa gari zake nyengine za dizeli zinakwenda huko huko, alinyamaza, akaingia ndani, akatoka na daftari. Kinga nikalipa mimi, mafuta akanirudishia yeye, amana akanipa. Kisha akaniomba nimtajie yale maswali matatu ya fundi, akayaandika. Kabla sijaondoka alichukua plasta nyeupe na kalamu ya wino mzito, akabandika ndani ya kifuniko cha tangi: DIZELI.

Kuhusu ramani, nilirudi Ukongoroni wiki mbili baadaye, kwa basi. Ramani ile ni ya wazi, mtu yeyote akijiandikisha anaweza kuirekebisha. Nilikaa na ami chini ya mwembe, simu mkononi, naye akanipitisha njia nzima kwa kumbukumbu: hapa kifusi kinaishia, hapa maji yanakaa hadi Julai, hapa jiwe, hapa pikipiki zinapita na gari hapana. Alikuwa anajua kila hatua. Nilibadilisha alama za mstari ule kipande kwa kipande, uso wake, daraja lake, na kwamba gari ndogo haipiti.

Nilipomaliza aliniuliza kama nimeandika kuwa ng'ombe wanapita. Nikamwambia sijaandika. Akangoja mpaka nikaandika.